Klaienti inayoganda, na kichujio kinachokamata wasio na kosa

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeandika klaienti ndogo (programu ya kuongea na seva) ya hifadhidata ya PostgreSQL kwa Python, ya kuandikia amri kwenye terminali, na wenzangu wanne idarani wanaitumia. Mtu akiomba jedwali la mauzo lenye rekodi milioni tatu, terminali inaganda na kompyuta inaishiwa RAM. Nilitoa fetchall() nikaweka fetchmany(50), hali ni ile ile. Halafu mwenzetu mmoja alisahau WHERE akafuta jedwali zima, kwa hiyo nimeweka kichujio kinachokataa amri yoyote yenye neno DELETE, DROP au UPDATE. Sasa wanalalamika kuwa hata amri halali zinakataliwa. Nihakiki vipi wanachoandika, na nigawe vipi matokeo kwa kurasa?

Jibu: Ndugu yangu, kazi zinaenda. Nimesoma swali lako mara mbili, na kwa maoni yangu una kosa moja lililojitokeza sehemu mbili: umemweka mlinzi kwenye mlango usio wake. Kurasa unazikata baada ya mzigo wote kushushwa kwenye RAM yako, na ulinzi umeuweka pale mtu anapoandikia badala ya kwenye seva. Nianze na kurasa, maana ndizo zilizokuchanganya zaidi.

fetchmany(50) haina ubovu, ila haifanyi unachodhani. Kwenye psycopg2 (maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL), kursori ya kawaida (kifaa cha kutuma amri na kusoma matokeo) huleta matokeo yote kutoka kwenye seva palepale unapoita execute(). Rekodi milioni tatu zinapita kwenye mtandao na kujaa kwenye kumbukumbu ya mashine yako, ndipo mstari unaofuata wa programu yako unapata zamu. Kazi ya fetchmany ni kukupimia hamsini hamsini kutoka kwenye gunia ambalo tayari liko ndani ya nyumba. Kama huamini, pima muda wa execute() peke yake, kisha wa fetchmany() peke yake. Karibu muda wote utaukuta kwenye ile ya kwanza. Usione aibu, hata psql, klaienti rasmi ya PostgreSQL, huleta kila kitu kwanza, mpaka uweke kigeu chake cha FETCH_COUNT.

Dawa ni kuipa kursori jina:

    kursori = muunganisho.cursor(name='kurasa')
    kursori.itersize = 500
    kursori.execute(amri)

Jina hilo tu ndilo linalobadilisha mchezo. Sasa psycopg2 inatuma DECLARE (amri ya kufungua kursori kwenye seva), matokeo yanabaki upande wa seva, na ukipita juu yake kwa kitanzi cha for inachota kidogo kidogo kwa FETCH. Usipogusa itersize, huchota rekodi 2000 kwa mkupuo. Kwa jedwali la safu chache hilo halina neno, lakini safu moja ikibeba hati nzima, 2000 ni nyingi. Kuna na faida usiyoiona: kwa kursori ya namna hii, mpangaji wa PostgreSQL (sehemu inayochagua njia ya kutekeleza amri) hukadiria kwamba utasoma sehemu ndogo tu ya matokeo (kigeu cha cursor_tuple_fraction, ambacho kwa kawaida ni 0.1), kwa hiyo hupendelea njia inayotoa rekodi za mwanzo haraka. Kwa mtu anayesubiri mbele ya skrini, ndicho hasa anachotaka.

DECLARE inapokea SELECT na ndugu zake tu, yaani VALUES, TABLE, na WITH isiyobadilisha data. EXPLAIN au SHOW zipitishe kwenye kursori ya kawaida. Matokeo yake ni madogo.

Kitu ambacho nakuomba usifanye ni kubandika LIMIT 50 mwishoni mwa amri ya mtu. Najua kinavutia, nami niliwahi kukifanya. Siku moja mtu akaleta amri iliyoishia hivi:

    SELECT * FROM mauzo -- ya mwezi huu tu

LIMIT yangu ikaangukia ndani ya maelezo baada ya vile vistari viwili, seva ikaipuuza, na rekodi zote zikamwagika. Na kama amri ina LIMIT yake tayari, unapata kosa la sarufi ambalo mtumiaji hakuliandika yeye. OFFSET, ya kuruka rekodi za mwanzo, nayo ina adhabu yake: ili ikupe ukurasa wa elfu moja, seva inabidi izalishe kurasa 999 za kabla yake na kuzitupa. Na bila ORDER BY ya kupanga rekodi hakuna ahadi kwamba rekodi uliyoiona ukurasa wa kwanza haitarudi wa pili.

Sasa skrini. Usiandike peja yako mwenyewe. Peja ni ile programu ya kupitisha maandishi skrini kwa skrini, na unazo tayari: more, iliyoandikwa Berkeley mwaka 1978, na less, ambayo Mark Nudelman aliianza mwaka 1983 kwa sababu alitaka kuweza kurudi nyuma. Kazi yako ni kuifungulia bomba na kumimina:

    peja = subprocess.Popen(['less', '-SFX'],
                            stdin=subprocess.PIPE,
                            text=True, encoding='utf-8')
    try:
        for rekodi in kursori:
            peja.stdin.write(panga(rekodi) + '\n')
    except BrokenPipeError:
        pass
    finally:
        try:
            peja.stdin.close()
        except BrokenPipeError:
            pass
        peja.wait()
        kursori.close()

Hebu tazama kinachotokea hapa. less husoma kiasi inachohitaji kujaza skrini, kisha inatulia. Bomba lenyewe kwenye Linux kwa kawaida lina nafasi ya baiti 65,536. Likijaa, write() yako inasimama. Ikisimama, kitanzi hakiendelei, kwa hiyo psycopg2 haiombi FETCH nyingine, na seva nayo inapumzika. Mtu anapobonyeza kitufe cha nafasi, maji yanashuka kidogo na mnyororo mzima unasogea hatua moja. Hukuandika hata mstari mmoja wa kuratibu hayo. Breki imetoka kwenye bomba. Ila ukirudi kwenye kursori isiyo na jina, breki hii hairudishi chochote kwa seva, kwa sababu gunia limeshashushwa.

Mtu akibonyeza q katikati, less inaondoka na bomba linakatika. Python hukuletea BrokenPipeError, na hilo si kosa. Ni mtumiaji anasema imetosha. Nimezungushia close() nayo kwa sababu inajaribu kusukuma mabaki yaliyokuwa kwenye bafa (hifadhi ya muda), na inaweza kuangukia shimo lilelile. Wengi hukamata kosa la write() na kusahau la close(), halafu wanashangaa kwa nini programu inalia mara moja moja tu.

Zile herufi tatu: S inazuia mistari mirefu kukunjwa ili jedwali lisivurugike, unasogea pembeni kwa mishale; F inaitoa less yenyewe kama matokeo yanatosha skrini moja; X inaacha matokeo yabaki yakionekana baada ya kutoka. Na kabla ya yote, uliza sys.stdout.isatty() kama matokeo yanakwenda kwenye terminali. Kama mtu anaelekeza matokeo kwenye faili, peja haina biashara hapo.

Ctrl-C ni mtego. Terminali hupeleka ishara hiyo kwa kundi zima la michakato iliyo mbele, yaani less na programu yako pamoja. less inaichukulia kama "acha unachofanya", lakini Python yako inakufa na kuiacha terminali njia panda. Ukishaifungua peja (baada, si kabla), izime ishara hiyo (SIGINT) upande wako, kisha uirudishe peja ikifungwa.

Upana wa safu hauna jibu safi. Huwezi kujua jina refu kuliko yote mpaka uzisome rekodi zote, na kuzisoma zote ndiko tunakokimbia. psql yenye FETCH_COUNT hupanga kila fungu peke yake, ndiyo maana safu zake wakati mwingine hubadilika upana katikati ya safari. Mimi hupima rekodi 200 za mwanzo, nikaweka upana huo, na kinachozidi nakikata kwa alama ya vitone. Wapo watakaokukosoa.

Haya, ingizo. Kichujio chako kina kasoro mbili zinazokwenda pande tofauti. Kinamkataa huyu asiye na kosa:

    SELECT * FROM maoni WHERE maandishi LIKE '%DELETE%';

na kinampitisha huyu anayefuta rekodi zote za jedwali:

    TRUNCATE mauzo;

Utaongeza TRUNCATE. Kisha mtu ataita SELECT ya funksheni ambayo ndani yake inafuta. Kisha kutakuja DO (amri ya kuendesha msimbo papo hapo) yenye EXECUTE 'DR' || 'OP TABLE mauzo'. Orodha ya maneno haina mwisho, kwa sababu unajaribu kusoma lugha nzima kwa kutafuta maneno. Anayejua kweli amri itagusa nini ni seva, basi yeye ndiye apewe ufunguo:

    CREATE ROLE msomaji LOGIN;
    GRANT pg_read_all_data TO msomaji;
    ALTER ROLE msomaji SET statement_timeout = '60s';

pg_read_all_data ipo tangu toleo la 14. Kama hutaki wasome kila kitu, toa GRANT SELECT jedwali kwa jedwali. Zingatia kwamba statement_timeout ni mkanda wa usalama tu, mtumiaji anaweza kuubadilisha ndani ya kikao chake. Kinachozuia kufuta ni ruhusa ambayo hakupewa. Wenzako watatu kati ya wanne, naamini, hawahitaji zaidi ya huyo msomaji.

Kwa yule anayepaswa kufuta kweli, usimuulize "Una uhakika? n/h". Vidole hujibu swali hilo kabla akili haijalisoma. psycopg2 hufungua muamala yenyewe (fungu la amri linalokubaliwa au kughairiwa lote kwa pamoja) na haifanyi commit, yaani kuuthibitisha, mpaka uiambie, basi tumia nafasi hiyo: endesha amri, soma kursori.rowcount, kisha mwonyeshe alichokifanya.

    Rekodi 48213 zimefutwa, bado hazijathibitishwa.
    Andika idadi hiyo kukubali, au Enter kughairi:

Aliyekusudia kufuta rekodi tatu ataishtukia 48213, na ataishtukia zaidi akilazimika kuiandika tarakimu kwa tarakimu. Asipoiandika, ghairi kwa rollback(). Kwenye MySQL kuna chaguo la --safe-updates, ambalo watengenezaji wenyewe wamelipa jina la pili la utani, --i-am-a-dummy. Linakataa UPDATE au DELETE isiyotumia ufunguo kwenye WHERE wala LIMIT. Hata hilo, ukilichungulia, ni klaienti kuiomba seva ikatae.

Tahadhari: wakati mtu anafikiria, muamala uko wazi na rekodi zimefungwa, wengine wanasubiri. Weka idle_in_transaction_session_timeout ya dakika moja hivi, na ujiandae kwa muunganisho kukatwa. Jambo hilohilo linagusa na kursori yako ya kurasa. Mtu akiacha less wazi akaenda kula, muamala wake unabaki umekaa bure, na VACUUM, msafishaji wa PostgreSQL, haiwezi kusafisha rekodi zilizokufa ambazo bado yeye anaweza kuziona. Kwa kusoma mimi huweka dakika kumi na tano. Akirudi amechelewa, ataona ujumbe kwamba muunganisho umekatwa, na hatakufa.

Je, klaienti ihakiki nini basi? Jambo kubwa kuliko yote ni kujua amri imeishia wapi. Watu hudhani ni kutafuta nukta mkato. Chukua mfano huu wa lugha yetu wenyewe:

    SELECT * FROM bidhaa WHERE jina = 'king'amuzi';

Kwa macho ya Mswahili hakuna kasoro. Kwa SQL, maandishi yamefunguliwa, yakafungwa baada ya king, likafuata neno amuzi lisilo na mwenyewe, kisha nukuu ya mwisho ikafungua maandishi mapya, na nukta mkato ikamezwa humo. Ukiwa kwenye psql, kidokezo kinabadilika kutoka duka=> kuwa duka'> (duka ni jina la hifadhidata), ile nukuu ndogo ikikuambia kuna maandishi hujayafunga. Asiyeijua alama hiyo hubonyeza Enter mara kumi akidhani programu imekwama. Kinachotakiwa ni Ctrl-C, kisha kuandika 'king''amuzi' kwa kurudia nukuu. Ng'ombe, ng'ambo, ving'amuzi: sisi tunaliona tatizo hili mara nyingi kuliko wengi.

Kwa hiyo andika kisomaji kidogo kinachopita herufi kwa herufi kikikumbuka kiko wapi: nje, ndani ya nukuu moja, ndani ya nukuu mbili, kwenye maelezo ya vistari viwili, kwenye maelezo ya /* */ (ambayo PostgreSQL huruhusu yaingiane, basi hesabu kina), au kati ya alama za $$. Nukta mkato ina maana ya mwisho ikiwa nje tu. Si zaidi ya mistari sitini. Na kidokezo chako kiseme hali hiyo, kama cha psql. Uhakiki wa aina hii humsaidia mtu aone alichoandika, haumzuii.

Kuna na ile nukuu iliyopinda inayotoka kwenye simu na programu za kuandikia barua. PostgreSQL haiioni kama nukuu; huiona kama herufi halali ya jina, kwa hiyo anayeandika WHERE jina = ’redio’ anajibiwa kwamba safu hiyo haipo, akabaki anakodolea macho. Mwonye: "Mstari wa 1 una nukuu iliyopinda." Lakini usimrekebishie kimya kimya. Huenda kwenye data yenyewe king’amuzi kiliingizwa kwa nukuu iliyopinda, na ukiinyoosha hutakipata kamwe.

Pale unapojenga SQL wewe mwenyewe, mfano amri yako ya kutafuta bidhaa kwa jina, usiunganishe maandishi. Peleka thamani kama parameta, execute(amri, (jina,)), nukuu zitajishughulikia. Majina ya majedwali hayapiti kwa njia hiyo. Yapitishe kwa sql.Identifier ya psycopg2.

Mipangilio ihakiki kwa ukali, maana hiyo ni lugha yako na unaijua yote. Mtu akipanga ukubwa wa ukurasa kwa kuandika \kurasa abc au \kurasa -5, mwambie unataka namba kamili kuanzia 1 na ubaki na thamani ya zamani. Usitegemee isdigit(): '²'.isdigit() ni True, halafu int('²') inaanguka. Jaribu int() na ukamate ValueError.

Usisahau kwamba na kinachotoka ni ingizo, ila la terminali. Data inaweza kubeba herufi za ESC zinazobadili rangi, kufuta skrini au kubadili jina la dirisha. less bila chaguo la -r wala -R huzionyesha kama maandishi badala ya kuzitekeleza. Unapochapisha bila peja, zisafishe mwenyewe. Na kama klaienti yako inaendeshwa kwenye seva ambayo watumiaji hawapaswi kupata shell (sehemu ya kuandikia amri za mfumo), ujue kwamba ndani ya less alama ya mshangao inafungua shell, na v inafungua kihariri. Weka LESSSECURE=1 kwenye mazingira ya peja kabla ya kuifungua. Nimekuta ulinzi wa hifadhidata uliopangwa kwa miezi ukipitwa kwa herufi hiyo moja.

Swali ambalo hukuuliza: je, klaienti hii inahitajika? Kama wale watatu wanasoma tu, mimi ningewapa psql kwa jina la msomaji na faili la .psqlrc (mipangilio ambayo psql huisoma inapoanza) lenye mistari hii, na klaienti yako ibaki kwa yule mmoja anayefuta:

    \set FETCH_COUNT 500
    \set ON_ERROR_ROLLBACK interactive
    \setenv PSQL_PAGER 'less -SFX'
    \setenv LESSSECURE 1